Maswali ya Wasomaji: Igizo la Broadway kwenye Ukumbi wa Watu 70

Toleo lililopita tuliomba maswali kutoka vikundi vinavyojiandaa kuweka jukwaani maigizo ya muziki ya Kimarekani, kama yale ya Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York, kwenye kumbi ndogo. Mengi yametoka Arusha na Moshi. Tumechagua yale ambayo jibu lake litamfaa mtu mwingine pia.

Shikamooni wahariri. Kikundi chetu kina watu 14. Tumepata godauni la zamani lenye jukwaa la mita 6 kwa 4, watazamaji 70 wakibanana. Tunataka kufanya Oklahoma!, lakini wenzetu wanasema igizo lile ni la okestra na umati wa watu. Tuache? (Mwigizaji, Njiro)

Marahaba. Msiache. Ni kweli igizo hili la Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, lilipofunguliwa New York tarehe 31 Machi 1943, lilikuwa na okestra kubwa na kundi zima la wacheza dansi walioelekezwa na Agnes de Mille. Lakini tazameni linavyoanza. Mama mtu mzima yuko peke yake jukwaani anasukasuka maziwa apate siagi, na kijana anaanza kuimba akiwa bado hajaonekana. Hapo hakuna umati. Mwaka 2019 lilirudishwa Broadway kwa bendi ya watu 7, watazamaji wameuzunguka uwanja wa kuchezea, taa za ukumbi zikiwaka sehemu kubwa ya igizo.

Ukumbi mdogo unawapa kitu ambacho ukumbi wa watu 1,000 hauna: neno linamfikia mtu wa mwisho bila maiki. Kila uamuzi wenu upimwe kwa hilo. Bendi iwe ya watu watatu: kinanda, besi, na fidla au gitaa. Mkitaka mdundo, mpigaji atumie brashi au sanduku la mbao la kupiga kwa viganja. Dramu kamili ndani ya godauni la bati itafunika kila kitu, hata ipigwe kwa adabu namna gani. Wekeni bendi pembeni ya jukwaa, mpiga kinanda akiona midomo ya waimbaji.

Kipimo cha sauti ni rahisi. Mwimbaji asimame nyuma kabisa ya jukwaa, aimbe beti mbili ambazo msikilizaji hajawahi kuzisikia. Mtu akae kiti cha mwisho na kalamu, aandike anachosikia. Akikosa zaidi ya neno moja kati ya kumi, punguzeni bendi. Msimwambie mwimbaji apaze sauti, kwa kuwa akipaza konsonanti zinapotea na koo linachoka kabla ya wiki ya maonyesho kuisha.

Kuhusu dansi, mita 24 za mraba zinabeba watu 8 wakisogea, yaani mita 3 za mraba kwa kila mmoja. Wengine waimbe kutoka kandoni, hata katikati ya viti. Kazi kubwa ni dansi ya ndoto inayofunga sehemu ya kwanza, ambayo ni kama robo saa. Godauni lina sakafu ya saruji, na saruji inaumiza miundi ya miguu ndani ya wiki mbili za mazoezi. Tandikeni plaiwudi ya milimita 18 juu ya mbao za inchi 2 kwa 2 zilizopangwa kila sentimita 40, na chini ya mbao mpachike vipande vya soli za ndala kuukuu, kimoja kila sentimita 40. Sakafu itabonyea kidogo, na kishindo cha viatu kitapungua pia.

Sehemu ya pili inafunguliwa na wimbo kuhusu ugomvi wa wakulima na wachunga ng'ombe. Watazamaji wa Arusha hawahitaji kuelezwa hilo. Halafu unakuja mnada wa vikapu vya chakula, na mtu yeyote aliyewahi kupandishiwa bei ya mkungu wa ndizi kwenye mnada wa mavuno kanisani atalijua joto lake. Vicheze kwa ukweli. Msiwape wachunga ng'ombe lafudhi ya Kimaasai ili watu wacheke. Igizo liko Oklahoma mwaka 1906, mwaka mmoja kabla eneo lile halijawa jimbo, na liachwe hukohuko.

Jambo la mwisho ni tarehe. Mvua ya masika juu ya bati haishindwi na mwimbaji yeyote, kwa hiyo epukeni Machi hadi Mei, na Novemba pia. Juni hadi Septemba kunafaa, ingawa baridi ya Julai inakaza koo. Waimbaji wafike saa nzima kabla na wapashe sauti wakiwa wamevaa masweta. Pamoja na mapumziko, igizo linapita saa mbili na nusu. Anzeni saa 10 jioni siku za Jumamosi na Jumapili ili watu wawahi daladala.

Sisi tuko wanane na hatuna fedha ya mandhari kabisa. Kuna igizo la Kimarekani la kutufaa? (Wanafunzi, Moshi)

Lipo. The Fantasticks, la Tom Jones na Harvey Schmidt, lilianza Mei 1960 kwenye ukumbi wa watu wapatao 150 mjini New York, likaendelea hadi Januari 2002 kwa maonyesho 17,162. Waigizaji ni wanane. Muziki ulipigwa kwa piano na kinubi. Mandhari ni jukwaa tupu, sanduku la vifaa, na duara la mwezi ambalo likigeuzwa linakuwa jua; ukuta unaotenganisha nyumba mbili unaigizwa na mtu asiyesema neno. Somo la kwanza kwa mwongozaji mpya limo humo, kwa sababu igizo hili limepangwa lote kwa kipimo cha ukumbi mdogo.

Tukilipia leseni ya kupiga muziki ukumbini, bado tunahitaji ruhusa nyingine ya igizo? Na tunaombaje? (Katibu wa kikundi, Majengo, Moshi)

Mnahitaji. Leseni ya kupiga muziki, ile wanayolipia hoteli na baa, haigusi kuigiza igizo zima lenye hadithi, mazungumzo na nyimbo zake. Ruhusa ya igizo zima inaombwa kwa wakala wa wenye haki za igizo. Oklahoma! iko kwa Concord Theatricals. The Fantasticks, Fiddler on the Roof na Guys and Dolls ziko kwa Music Theatre International. Wote wanapokea maombi kwa intaneti.

Kabla ya kujaza fomu, andikeni pembeni jina la ukumbi, idadi ya viti, bei ya tiketi, idadi ya maonyesho na tarehe zake. Ada inakokotolewa kutokana na hayo, kwa hiyo ukiandika viti 200 wakati ukumbi una 70, unajipandishia bei mwenyewe. Fanyeni hesabu ya mapato kwa ukumbi uliojaa asilimia 60. Kwa viti 70 na maonyesho 6 hiyo ni tiketi 252, si 420. Ada isipolipika kwa tiketi 252, ongezeni maonyesho au mbadilishe igizo.

Makosa manne ndiyo yanayoharibu vikundi vingi. La kwanza ni kutangaza kabla leseni haijatoka. La pili ni kukata wimbo au kubadili mazungumzo bila ruhusa ya maandishi. Hata kushusha ufunguo wa wimbo, yaani kuuimba wote kwa sauti ya chini zaidi, ulizeni. La tatu ni kurekodi video na kuirusha mtandaoni, jambo linalohitaji ruhusa yake peke yake. La nne ni dogo lakini linagharimu: vitabu vya muziki mara nyingi ni vya kukodi, vinarudishwa vikiwa safi, kwa hiyo kila alama ya mazoezi iandikwe kwa penseli laini. Pia mkataba unaeleza majina ya watunzi yaandikwe wapi na kwa ukubwa gani kwenye bango. Mpeni mchora bango ukurasa huo kabla hajaanza kazi.

Nyumbani, nendeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu mapema kuhusu kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), mkiwa na nakala ya leseni mkononi. Mpeni taarifa na mwenyekiti wa mtaa.

Ndugu wahariri, tunataka kuimba kwa Kiswahili. Nimetafsiri wimbo mmoja, maana imekaa sawa, lakini ukiimbwa unasikika kama mtu anayejifunza lugha. Tatizo ni nini? (Mtafsiri, Rau, Moshi)

Kwanza, tafsiri nayo inaombewa ruhusa kwa wakala yuleyule, na kwa kawaida wenye haki hutaka kubaki na haki za tafsiri hiyo. Ombeni kabla ya kutafsiri nyimbo zote.

Sasa tatizo lako. Bila shaka ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mistari mingi ya nyimbo za Broadway inaishia kwenye neno la silabi moja, likiwa limewekwa kwenye noti ndefu na nzito. Mtafsiri anaweka "nakupenda", noti ndefu inaangukia "-nda", na msikilizaji anasikia neno limevunjwa mgongo. Silabi inayostahili noti ile ni "-pe-". Chukua muziki, weka duara kwenye kila noti nzito, kisha andika maneno ukianzia kwenye maduara. Silabi zenye mkazo ziingie humo, ndipo ujaze zilizobaki. Ukianza na maana halafu utafute pa kuibana, utarudi palepale.

Kwa mwisho wa mstari zipo njia tatu. Njia ya kwanza ni kuipa silabi yenye mkazo noti ndefu, na silabi ya mwisho idondokee kwenye noti fupi iliyoongezwa. Hii inagusa muziki, basi itaje kwenye maombi yako. Ya pili ni maneno mafupi yanayoweza kusimama mwishoni, kama "tu", "wewe tu", "leo tu". Ya tatu ndiyo tunayoipenda zaidi, nayo imelala ndani ya lugha yetu: viigizi, maneno mafupi yanayoigiza sauti au hali. Nyeupe pe. Nyeusi tii. Kimya jii. Kaanguka pu. Silabi moja, nzito, mwisho wa sentensi, na hakuna Mswahili atakayeiona ngeni. Wimbo wa mandhari unaweza kukubali viwili au vitatu. Wimbo wa mapenzi kimoja tu, vinginevyo unageuka wa kuchekesha.

Angalia na "m" inayobeba silabi. "Mtu" na "mti" zina silabi mbili, na mkazo uko kwenye "m" yenyewe. Ukiweka neno hilo kwenye noti ya juu, mwimbaji atalazimika kuimba mdomo umefungwa. Tumia "mwanadamu", au upange upya. Kwa noti za juu kabisa, "a" na "o" hufungua koo. "I" na "u" hulibana, hasa kwa wanawake wenye sauti ya kwanza.

Vina usivitese. Sikio letu limelelewa na shairi, linasubiri kina cha silabi ya mwisho na kinapatikana kirahisi, kwa hiyo kitoe pale tu ambapo wimbo wa asili una kina. Ukivitoa kila mstari, wimbo wa mhusika unageuka shairi la kughani.

Jaribio la mwisho ni kumpa mtu asiyelijua igizo ausome mstari kama anazungumza, huku wewe ukipiga makofi mdundo wa wimbo. Anapokwama, ndipo pa kurekebisha.

Waimbaji wangu wanatoka kwaya za usharika, wanasoma solfa vizuri sana. Muziki uliokuja ni wa mistari mitano. Niwaandikie solfa? (Mwalimu wa kwaya, Usa River)

Mwalimu, waandikie, na umtaarifu mwenye haki kwamba ni kwa mazoezi tu. Lakini jiandae kwa mambo mawili. Tenzi nyingi zinakaa ndani ya do moja. Nyimbo hizi zinahama ufunguo katikati, na noti za "fe" (fa iliyopandishwa nusu hatua) na "ta" (ti iliyoshushwa nusu hatua) zinajitokeza bila kubisha hodi. Wimbo unapohama, andika do mpya na noti ya daraja, yaani ile iliyo moja kwa masikio lakini ina majina mawili. Fanya mazoezi ya daraja hilo peke yake, mara kumi, kabla ya kuunganisha.

La pili ni namna ya kutoa sauti. Kwaya inafundisha sauti ziyeyuke kuwa moja, na ni uzuri mkubwa. Hapa mtu anaimba kwa kuwa ana jambo la kumwambia mwenzake, na sauti yake ibaki ya kwake. Kila wimbo upitishwe hatua tatu: kuusema bila mdundo, kuusema kwa mdundo, kisha kuuimba. Hatua ya kati ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoleta maneno mbele. Nyimbo za wote waache wayeyushe sauti kama walivyozoea.

Wiki nane, jioni nne kwa wiki, zinatosha: tatu za muziki, mbili za miondoko na mazungumzo, mbili za kupitisha igizo zima, moja ya taa na sauti.

Tulitengeneza kuta za jukwaa kwa kitambaa cha marekani na fremu za mbao. Tulipopaka rangi, fremu zilipinda. Na tunaambiwa kitambaa ni hatari ya moto. (Fundi, Unga Limited)

Zilipinda kwa sababu mlivuta kitambaa kikavu hadi kikakaza kama ngoma. Pamba ikilowa rangi na kukauka hujikunja, na nguvu ile inashinda mbao ya inchi 1 kwa 3. Fremu ya mita 2.4 kwa 1.2 ifungwe kwa gundi na skrubu, pembe zote nne zipachikwe pembetatu za plaiwudi ya milimita 6, na pawe na mbao moja ya kukatiza katikati. Kitambaa kivutwe kiasi kwamba ukibonyeza katikati kwa kidole kinazama kama sentimita 2. Mkono wa kwanza wa rangi ya maji uchanganywe na maji nusu kwa nusu, nao ndio utakaokaza. Nunueni kitambaa kwanza, mpime upana wake, ndipo mkate mbao. Roli nyingi za marekani ni nyembamba kuliko zinavyosemwa dukani.

Kila ukuta uwe na mhimili wa pembetatu nyuma na mfuko wa mchanga wa kilo 15 juu ya mguu wake. Ukuta uliopigiliwa sakafuni peke yake huanguka mtu akifunga mlango kwa hasira, na katika maigizo haya milango hufungwa kwa hasira.

Kuhusu moto mmeambiwa kweli. Dawa ya pamba ni hii: boraksi gramu 70 na asidi ya boriki gramu 30 kwa lita 1 ya maji ya moto, vikorogwe hadi viyeyuke. Vaeni glovu, na watoto wasiwe karibu. Chovya kitambaa hadi kilowe kabisa, kianikwe bila kukamuliwa sana, kikauke, ndipo kipigwe kwenye fremu na kupakwa rangi. Kisha pima: kata kipande, nenda nje na ndoo ya maji, kishike juu ya mwali wa kiberiti sekunde 12. Ukiuondoa mwali, kitambaa kinatakiwa kizimike ndani ya sekunde 2. Kikiendelea kuwaka, rudia. Dawa hii hutoka kitambaa kikifuliwa au kikinyeshewa, na haishiki kwenye poliesta, ndiyo maana marekani bado haina mpinzani. Ndani ya godauni la watu 70, milango miwili ya kutokea ibaki haijafungwa kwa kufuli onyesho likiendelea. Hilo halina mjadala.

Breka inaruka kila tukiwasha taa zote, na nyuso za waigizaji hazionekani vizuri. (Sakina)

Tuseme mna taa 8 za halojeni za wati 500: hizo ni wati 4,000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea zaidi ya 17, na soketi ya kawaida ni ya 13. Mtu akichomeka birika la chai la wati 2,200 kwenye njia hiyohiyo ya umeme, ampea zinapita 26. Taa 8 za LED za wati 150 ni wati 1,200, chini ya ampea 6. Badilisheni taa, na birika la chai lipate njia yake. Ekstensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote. Ikiwa imeviringwa inapata joto hadi mpira unayeyuka. Jenereta ya kVA 5 inatoa kama wati 4,000, ikae nje, mbali na madirisha, kwa ajili ya kelele na zaidi kwa ajili ya moshi wake unaoua. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, gitaa na mdundo viendelee, na watu wanne wawe wamepangiwa taa za kuchaji. Fanyeni mazoezi hayo mara mbili gizani.

Nyuso hazionekani kwa sababu taa zote ziko mbele, chini ya dari fupi. Ngozi nyeusi inang'aa kwa mwanga wa ubavuni. Wekeni taa mbili kila upande kwenye vyuma vya kusimama, kimo cha kichwa, zenye mwanga wa manjano ya joto, na moja au mbili nyuma kutenga mabega na ukuta. Za mbele zishushwe hadi nusu. Halafu tazama maleba: shati jeupe pe hulivuta jicho kuliko uso. Chovya mashati ya mitumba kwenye chai kali ya rangi dakika 20, yasuuze, yatakuwa na weupe wa krimu ambao taa inaupenda.

Maiki zinapiga mluzi. (Kijenge)

Spika ziko nyuma ya maiki. Zisogeze mbele ya waimbaji, zielekee watazamaji. Tundika mablanketi kwenye ukuta wa nyuma ya viti, na ufunge kila maiki ambayo mtu wake haimbi. Kisha rudia kipimo cha kalamu tulichoeleza kwa mwenzako wa Njiro. Huenda kwa viti vyenu huhitaji maiki hata moja.

Igizo letu lina mlio wa bunduki. Tunafanyaje bila bunduki? (Pasua, Moshi)

Chukueni mbao mbili ngumu za sentimita 60, ziunganishwe kwa bawaba upande mmoja, na kila moja iwe na mkono wa kushikia. Zikifungwa kwa nguvu juu ya sakafu ya mbao nyuma ya pazia, mlio unaruka ukumbi mzima. Mpigaji amwone mwigizaji kwa macho yake, asisubiri kuambiwa. Bunduki ya jukwaani iwe ya mbao iliyopakwa rangi, isibebwe nje ya ukumbi. Andikieni kituo cha polisi na majirani barua yenye tarehe na saa za maonyesho, na saa za mazoezi pia, kwa kuwa jirani husikia mlio wa kwanza wiki kadhaa kabla ya onyesho.